Jirani kanianulia nguo, nikampa pesa akanuna

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi natoka Nairobi, kazi ndo imenileta Kampala, huu mwezi wa tatu nimepanga muzigo, hivi vyumba vya kupanga, huku Bwaise. Juzi niko kazini mvua ikapiga ile ya kwenu, na kwenye kamba nimeacha mashuka na yunifomu ya mtoto, kurudi nakuta mama wa mlango wa pili kaanua zote, kakunja, na sigiri yangu, jiko la mkaa, kaiingiza kwake isilowe. Nikampa elfu tano ya Uganda. Akaiangalia tu, akanirudishia, akaingia ndani. Sasa salamu yake ya mkato. Nimekosa nini jamani?
Mgeni, Bwaise

JIBU: Marahaba mwanangu. Elfu tano unampa boda au dobi, halafu mnaagana hamdaiani. Ndo alivyosikia yule mama, kwamba umemlipa mmalizane, na yeye hakuwa anataka mmalizane, alikuwa ndo kwanza anaanza ujirani.

Kwani alipokuwa anafua au anamenya matoke pale barazani wewe ulikuwa unampitaje? Hapa ukimkuta mtu anafanya kazi unamwambia gyebale ko, yaani ahsante kwa kazi, hata kama kazi yenyewe haikuhusu hata kidogo, anafagia kwake, analima kwake, unamshukuru tu. Jioni ni osiibye otya, umeshindaje, halafu unauliza na wa nyumbani, na usiulize huku unatembea! Nyinyi wa Nairobi mna haraka sana, mtanisamehe.

Na usidhani watu hawataki pesa. Pesa ina mahali pake. Jirani akifiwa unapeleka mabugo, zamani zilikuwa ni zile nguo za gome la mti za kumzikia marehemu, siku hizi watu wengi wanatoa hela, na hapo hata elfu tano yako inapokelewa kwa mikono miwili. Mitaa mingi ina kikundi wanaita munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida, mnachanga, mnasaidiana kwenye msiba na harusi, masufuria, viti, kupika, kuchota maji. Muulize huyo huyo mama kama kwenu kipo na unaingiaje. Kumwomba akuelekeze kutamfurahisha kuliko noti yoyote, mi naona hivyo.

Ila kwanza mkawe sawa. Usiende na hotuba ya samahani, atazidi kuona aibu. Jumapili pika chapati zenu hizo laini, za huku tumezoea kuzikunjia mayai tunaita rolex, weka tatu kwenye sahani, funika, mtume mtoto apeleke na asalimie vizuri kwa adabu. Mama ataikalisha sahani siku mbili, pengine wiki. Usiifuate. Itarudi yenyewe na karanga au ndizi ndani, na wewe hapo usitafute pochi.