Mwalimu Bora na Jibu Lisilo Sahihi: Ushauri kwa Wenzangu Tunaojiandaa Kufundisha

Wanafunzi wa ualimu tukiulizana mwalimu bora ni yupi, majibu huwa ni yale yale: anayelimudu somo lake, anayewapenda watoto, anayefika kwa wakati. Sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Mwalimu asiyeingia darasani hafundishi, na hilo halihitaji mjadala. Hata hivyo, baada ya kufanya mazoezi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Mukono, Uganda, nimeamini kwamba walimu wawili wenye shahada sawa, wanaotumia kitabu kimoja na kufundisha kidato kimoja, hutofautiana zaidi katika namna kila mmoja anavyolipokea jibu lisilo sahihi.

Wengi wetu tumesomeshwa kwa kuitikia. Mwalimu husema, "Mji mkuu wa Uganda ni Kampa...?" na darasa zima humalizia, "...la!" Kisha huuliza, "Tumeelewana?" na wanafunzi themanini hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Mkaguzi akipita dirishani wakati huo atadhani kazi inakwenda vizuri. Lakini kuitikia kwa pamoja ni kichaka cha kujifichia: wachache walioelewa ndio wanaobeba sauti, na waliobaki hufuatisha midomo tu, nao mwalimu huwakuta baadaye kwenye mtihani, wakati ambapo hana tena nafasi ya kuwasaidia.

Mwalimu aliyenilea shuleni hapo, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, sikumsikia akiwauliza wanafunzi kama wameelewa. Katika kipindi kimoja cha kidato cha kwanza aliandika ubaoni "kitabu kizuri", akawataka wanafunzi waandike wingi wake kwenye vipande vya karatasi, kisha akapita kati ya madawati akisoma kimya, kalamu nyekundu ameiacha mezani. Aliporudi mbele aliandika majibu matatu bila kutaja aliyeyaandika: "vitabu kizuri", "vitabu zuri" na "vitabu vizuri". Hakusema lipi ni sahihi. Aliuliza, "Aliyeandika hili la kwanza alikuwa anafikiri nini?" Msichana mmoja wa dawati la nyuma akajibu kwamba pengine alidhani kitu kikishakuwa kizuri hubaki kizuri hata kikiongezeka. Watu walicheka, lakini mwalimu alilichukua jibu hilo kwa uzito wote, kisha akauliza jinsi wanavyosema kwa Kiganda. "Ekitabo ekirungi, ebitabo ebirungi," wakajibu, na kabla hajaeleza lolote kuhusu upatanisho wa kisarufi, nusu ya darasa ilikuwa imeshaanza kujisahihisha.

Nimelitafakari somo lile mara nyingi. Mwalimu yule hakuwa na projekta wala mabango ya rangi. Alikuwa na kitu ambacho mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alikieleza mwaka 1986 alipotoa hoja kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kujua namna linavyofundishika, pamoja na mahali wanafunzi wanapokwama na sababu za kukwama huko, ni jambo jingine. Mwanaisimu anaweza kuzichambua ngeli zote bila kubahatisha na bado asijue kwa nini mtoto wa Mukono huandika "mbiri" badala ya "mbili" na "habali" badala ya "habari". Mwalimu anapaswa kujua. Katika Kiganda, herufi r huja baada ya irabu e na i, na kwingineko huandikwa l. Kwa hiyo mtoto huyo si mzembe, bali anaifuata kwa uaminifu kanuni ya lugha yake ya nyumbani. Ukimwita mzembe utakuwa umemwonea, na kesho ataandika vilevile.

Mimi nimekulia Arua, na sikuijua kanuni hiyo mpaka nilipowauliza wanafunzi wenyewe. Hapo nikatambua pia kwamba njia ya yule mama haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Kilugbara na Kiacholi, lugha za huko kaskazini kwetu, havina mfumo wa ngeli wa aina hii, kwa hiyo mwalimu wa Gulu au Arua akiuliza "Kwenu mnasemaje?" hatapata jibu la kumsaidia, itambidi ajenge dhana ya ngeli tangu msingi, kwa mifano mingi na kwa subira zaidi. Ndiyo maana huwa na mashaka na ushauri unaotolewa kana kwamba madarasa yote ya nchi hii ni mamoja.

Jambo la kwanza ninalowashauri wenzangu ni kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa nchini Marekani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Sekunde tatu ni ndefu mno mbele ya darasa lililokukodolea macho, hasa mkufunzi wako akiwa ameketi nyuma na karatasi ya tathmini. Subiri hivyo hivyo.

La pili ni kuiondoa hofu. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni, na bado nimesikia walimu vijana wakinong'ona kwamba bila fimbo darasa halikaliki. Niziweke haki za mtoto kando kwa muda, ingawa hazipaswi kuachwa kando, na nitazame ufundishaji peke yake: mtoto anayejua kwamba jibu lisilo sahihi litamletea kiboko au dhihaka atanyamaza, na akinyamaza amekunyima taarifa pekee ambayo ingekuonyesha pa kuanzia. Dhihaka, kwa maoni yangu, huumiza muda mrefu kuliko fimbo, na hiyo hakuna mkaguzi anayeiona.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umetupa nafasi ambayo hatuitumii ipasavyo. Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, wakati wanafunzi wengi hawakukisoma katika shule ya msingi. Na tathmini endelevu, yaani alama za kazi za darasani, inachangia asilimia 20 ya alama za mwisho za mtihani wa kidato cha nne. Nia ni njema. Hata hivyo, nimeona alama hizo zikijazwa kwa mkupuo mwishoni mwa muhula, kana kwamba ni fomu ya wizara na si habari kuhusu mtoto. Ukweli ni kwamba mwalimu wa masomo ya sanaa, kama lugha na historia, anayepokea mshahara mdogo kuliko mwenzake wa sayansi, tofauti iliyosababisha mgomo mwaka 2022, ana sababu za kuchoka, na sitamhubiria. Ila kuangalia vipande vya karatasi kumi kutoka madawati kumi tofauti huchukua muda mfupi kuliko kusahihisha madaftari themanini, na hukueleza karibu yote unayohitaji kwa ajili ya kipindi kijacho.

Mwishoni mwa kila andalio la somo kuna sehemu ya tathmini. Wote tunajua inavyojazwa: "Somo lilifundishwa vizuri na wanafunzi walishiriki kikamilifu," na wakati mwingine huandikwa usiku, kabla hata ya somo kufundishwa. Wakufunzi huipitisha, kwa hiyo hakuna atakayekulazimisha kufanya vinginevyo. Mimi nilianza kuandika humo jibu moja lisilo sahihi kama lilivyo, sababu ninayoidhania, na nitakachofanya. Kwa mfano: "Wengi wa safu ya dirishani wameandika 'watoto mzuri'. Nadhani wanabadilisha nomino tu na kukiacha kivumishi. Jumatano nianze na 'omwana omulungi, abaana abalungi' kabla ya kufungua kitabu."