Nyaya za mashine ya boti: usiunge kwa tepu

Kaka, umeuliza kama kusokota nyaya na kuzifunga tepu kunatosha kwenye mashine ya boti. Hapana, nakusihi. Chumvi hupenya, shaba huota kutu ya kijani, na mashine itakuzimikia katikati ya bahari. Nunua waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Vichwa vya kubana kwenye ncha za waya viwe vya pete, maana vya uma huchomoka nati ikilegea kwa mtikisiko. Vibane kwa koleo lake maalumu, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Boliti ziwe stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316. Ila stenlesi hupitisha umeme vibaya: kichwa cha waya kiguse moja kwa moja shaba ya pale unapounga, na washa, kile kipete bapa cha boliti, ikae juu ya kichwa hicho, la sivyo pale patachemka. Betri uichomoe kwanza.