Noah ya rampu au gari la lifti?

SWALI: Kaka, hongera kwa kazi. Mwanangu Yusuf ana miaka 15 na anatumia kitimwendo tangu utotoni. Zamani nilimbeba mgongoni hadi kwenye bajaji, sasa amenizidi uzito na kiuno changu kimegoma. Baba yake na ndugu zake wamechanga tununue Toyota Noah ya mtumba, halafu fundi wa mtaani atuchomelee rampu. Shemeji anasema huko ni kutupa hela, bora tuagize Japani gari lililotengenezwa hivyo tangu kiwandani. Tushike lipi? – Mama Yusuf, Tanga

JIBU: Mama Yusuf, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, pole na kiuno.

Kabla hujamjibu shemeji, tafuta futi ya fundi seremala. Mkalishe Yusuf kwenye kiti chake, juu ya mto wake wa kila siku, kisha pima kutoka sakafuni hadi utosini. Mimi nikiwa kwenye kitimwendo changu nina sentimita 131. Gari langu la kwanza nililipendea rangi, na mlango wake wa pembeni ulikuwa na sentimita 115. Miaka miwili nimeingia garini kama mtu aliyerukuu, mdogo wangu akisukuma nyuma na kunambia "bado kidogo, bado kidogo". Yusuf anarefuka, kwa hiyo ongeza sentimita 10 juu ya kipimo cha leo. Upana upime kwenye ringi anazosukumia, maana ndizo zinazokwaruza mlango.

Ukienda kuangalia gari, nenda na karatasi hiyo. Pima mlango, halafu ingia ndani upime kutoka sakafu hadi dari. Noah naijua, vipuri vyake havisumbui na mlango wa kusukuma ni raha, lakini sakafu iko juu. Mtu anayejisukuma mwenyewe anahitaji mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu inataka rampu ya sentimita 12. Sakafu ikiwa sentimita 40 kutoka ardhini, hiyo ni rampu ya karibu mita 5, utaibeba wapi? Ukikata ya mita 2, mwinuko unakuwa 1 kwa 5, na hapo lazima mtu asukume. Nani atasukuma, Mama Yusuf? Yangu ilichomelewa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa chuma kizito, imara kama daraja. Mdogo wangu aliipakia na kuishusha wiki mbili, ya tatu akaiegemeza ukutani, na hadi leo kuku wanapandia humo kwenda bandani. Mkiamua rampu, iwe ya alumini na ikunjike.

Shemeji hajakosea. Toyota wana magari haya tangu kiwandani, wanayaita Welcab, na yaliyotumika huuzwa Japani kama mitumba mingine. Ila picha zisiwachanganye. Kuna yenye siti ya umeme inayogeuka na kushuka nje ya mlango. Hiyo ni ya kumkalisha bibi, kitimwendo chenyewe bado utakikunja na kukipakia kwenye buti. Kuna yenye rampu nyuma na sakafu iliyoshushwa, nzuri mno kwenye lami, lakini matuta yetu na barabara za mtaani zitaikwangua tumbo. Na kuna yenye lifti nyuma, yaani jukwaa linalomwinua mtu akiwa kitini mwake. Hii muombe muuzaji video, lifti ikishuka hadi chini na kupanda ikiwa na mtu, na muulize inashushwaje kwa mkono betri ikifa. Ujue pia lifti ya nyuma inataka nafasi. Ijumaa moja nilikwama nje ya msikiti, mtu kaegesha pua ya gari lake kwenye bampa langu, mwenyewe kaenda kula pilau.

Suala la ushuru lianze mapema. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu, ikiwa hakupata msamaha kama huo ndani ya miaka minne iliyopita. Noah ya kawaida haiingii humo. Nendeni TRA, mamlaka ya mapato, na vyeti vya daktari kabla ya kulipia gari, si likiwa limeshafika bandarini.

Sasa mikanda, na hapa naomba baba Yusuf asome mwenyewe. Fundi wangu alifunga ndoano za kushikia kiti kwa skrubu kwenye bati la sakafu. Tulipokuwa Kibaha dereva akakanyaga breki, ndoano moja ikang'oka na bati lake, kiti kikageuka nusu, goti langu likapiga mlango. Ndoano zinatakiwa nne, mbili mbele na mbili nyuma, zishike kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, au kwenye chuma kinene kilichowekwa chini ya sakafu na kukazwa kwa bolti. Hizo zinashika kiti tu. Yusuf mwenyewe anahitaji mkanda wake, begani na nyongani, na aangalie mbele gari likitembea.

Mimi ningeagiza la lifti, hata kama michango itabidi ingoje miezi mingine. Lakini nitumie kwanza urefu wa Yusuf akiwa kitini, upana wa kiti, na uzito wa vyote viwili pamoja. Kama kiti chake ni cha umeme, niambie, kwa sababu lifti nayo ina kikomo cha kilo.