Seli ya hamira iliyokufa: huoza, hujila au hujimeng'enya?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Niliwaandikia wanafunzi kwamba seli za hamira zikishakufa "huoza zenyewe". Mwenzangu alinisahihisha niandike "hujikula", na mwingine akapinga kwamba kilichokufa hakiwezi kujitenda jambo lolote. Tufuate lipi?

JIBU: Tuliondoe kwanza "huoza". Kuoza ni kazi ya bakteria na kuvu waingiao kutoka nje, ilhali hapa hakuna mgeni: seli ikifa, utando wa kifuko kilichofungia vimeng'enya (kemikali za seli zinazovunjavunja vitu) huachia, navyo humwagika na kuzikatakata protini za seli ileile kuwa asidi amino, yaani vijenzi vidogo vya protini. Watengenezaji wa dondoo za hamira hulichochea jambo hilo kwa makusudi, wakitumia chumvi na joto la nyuzi 50 hivi, mpaka uji mzito wa hamira ugeuke majimaji ya kahawia yanayonukia kama mchuzi wa nyama. Kilichooza hakinukii hivyo.

Pingamizi la mwenzako wa pili halina nguvu, kwa kuwa kiambishi "-ji-" hakidai kiima chenye uhai wala nia. Kinachodai ni mtenda na mtendwa wawe kitu kimoja. Twasema mlango umejifunga na uzi umejisokota, wala hatuulizi mlango ulikusudia nini.

Ama "hujikula", hata kama lingefaa kwa maana, umbo lake sanifu ni "hujila", maana kitenzi cha silabi moja hudondosha "ku" kinapobeba kiambishi cha mtendwa, kama katika "simba humla swala". Hata hivyo ningeliweka akiba kwa jambo jingine. Seli hai ya hamira ikinyimwa chakula huvunjavunja baadhi ya viungo vyake ili iendelee kuishi, na ni kwa kuuchunguza mwenendo huo ndipo Yoshinori Ohsumi wa Japani alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Huko ndiko kujila hasa: mlaji yu hai na ana njaa. Tukiliita hivyo na lile la baada ya kifo, mwanafunzi atayachanganya.

Kwa hiyo andika: "Seli za hamira zikishakufa hujimeng'enya, na protini zake humeng'enyeka kuwa asidi amino." Zingatia "-ek-" katika kitenzi cha pili: protini hazikati chochote, zinakatwa tu, kwa hiyo hazistahili "-ji-".