Maswali na majibu: Maji yanavyoupasua mwamba

Jiwe likilowa tu, bila maji kutiririka wala kusukuma, linapungua nguvu kweli?

Linapungua, na wakati mwingine vibaya sana. Vipimo vya aina 35 za mawe ya mchanga ya Uingereza, vilivyochapishwa mwaka 1992, vilionyesha kuwa kulowa hupunguza uwezo wa kuhimili mgandamizo kwa kati ya 8% na 78%. Tofauti hiyo hutokana hasa na kile kinachoshikanisha chembe. Chembe za kwatzi, yaani madini magumu ya mchanga, zikishikanishwa na silika, gundi ya asili ngumu kama kwatzi yenyewe, jiwe hulowa bila kuathirika sana. Zikishikanishwa na mfinyanzi, maji hupenya katika tabaka zake, huuvimbisha na kuulainisha, na gundi yote hulegea. Granaiti ngumu hupoteza kidogo kwa sababu vitundu vyake ni vichache. Granaiti iliyooza, ambayo sehemu ya madini yake imeshageuka mfinyanzi, usiihesabu kundi hilo.

Ndiyo maana ripoti ya maabara isiyosema kama jiwe lilivunjwa likiwa kavu au limelowa haifai kutegemewa. Kipande kilichokaa stoo wiki tatu huonekana kigumu kuliko mwamba kilikotolewa.

Ufa ulikaa vilevile miaka mingi. Mzigo haujaongezeka, sasa mbona umerefuka?

Huenda haukukaa vilevile. Ulikuwa ukisogea polepole mno kwa jicho kuona.

Kwenye ncha ya ufa, atomi za silikoni na oksijeni zimeshikana lakini zimevutwa karibu na kukatika. Molekuli ya maji ikifika hapo hujipachika katika kiungo hicho na kukikata vipande viwili, kila kimoja kikibaki na haidrojeni yake. Kiungo ambacho kingehitaji nguvu kubwa kukatika kikiwa kikavu hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Mchakato hurudi kwenye kiungo kinachofuata. Si lazima ufa ujae maji, kwani hata unyevu wa hewani unatosha.

Kasi ya ufa hubadilika sana mkazo unapobadilika kidogo. Katika hesabu, kasi hufuata mkazo uliopandishwa kwa kipeo fulani, na kwa granaiti kipeo hicho mara nyingi hufika 30 au zaidi. Chukua 30: mkazo kwenye ncha ukiongezeka kwa 10% tu, kasi huongezeka takriban mara 17. Na kadiri ufa unavyorefuka chini ya mzigo uleule, mkazo kwenye ncha yake kwa kawaida hupanda. Kwa hiyo ufa wa kutambaa huja ukageuka wa kukimbia, bila mtu kuongeza hata kilo moja.

Kuna ufa juu ya genge (mwamba uliosimama wima), unajaa maji kila mvua. Niuzibe kwa saruji?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye genge, ukiziba mahali pasipofaa ndipo utaujenga huo ukuta.

Anza na hesabu. Maji yaliyojaa ufa wima husukuma kwa nguvu ya nusu ya 9.81 mara mraba wa kina, kwa kilonewtoni kwa kila mita ya urefu. Kina cha mita 2 hutoa takriban kilonewtoni 20, na cha mita 4 hutoa 78, sawa na uzito wa karibu tani 8. Upana haumo katika hesabu hiyo. Ufa wenye upana wa milimita 2, urefu wa mita 1 na kina cha mita 4 hujazwa na lita 8 tu, nazo lita 8 husukuma kama tani 8. Ufa mwembamba usidharauliwe. Ndio unaojaa upesi.

Kwa hiyo juu zuia maji yasiingie, chini yape njia ya kutoka. Juu, chimba mfereji nyuma ya ufa uyaelekeze maji pembeni, kisha funika mdomo kwa mfinyanzi ulioshindiliwa au kizibo kinachonyumbulika. Saruji hainyumbuliki: mwamba ukisogea kidogo inapasuka, na mvua inayofuata inaingia palepale. Chini, yatobolewe matundu yanayopanda kidogo kuelekea ndani, nyuzi 5 hivi, ili maji yashuke yenyewe, na ndani yake mabomba yenye vitobo yaliyofungwa kitambaa cha kuchuja. Tundu lisilokutana na ufa halitoi kitu hata likiwa refu namna gani. Wenye genge kubwa waite mhandisi wa miamba kabla ya mtu kupanda na dreli.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupaka saruji uso wa chini wa genge ili lionekane safi. Hapo umefunga mlango wa kutokea. Maji yaliyonaswa kwenye nyufa za mwamba yalichangia kuvunjika kwa bwawa la Malpasset, Ufaransa, tarehe 2 Desemba 1959, ambapo zaidi ya watu 400 walikufa. Ukuta wa bwawa haukuwa mbovu. Mwamba ulioubeba ubavuni ndio ulioondoka.

Mvua ilikoma, jiwe likaanguka siku mbili baadaye. Inawezekanaje?

Maji huchukua muda kushuka kwenye nyufa nyembamba, na shinikizo la maji kule chini ya ufa huweza kufika kilele jua likiwa limeshawaka. Usirudi chini ya genge kwa sababu tu mawingu yameondoka.

Barafu hupasua mwamba kwa kutanuka?

Kwa sehemu. Maji yakiganda hutanuka takriban 9%, lakini ufa ulio wazi huiacha barafu itokee nje. Madhara makubwa hutokea baridi inapokaa muda mrefu nyuzi chache chini ya sifuri: barafu ndani ya jiwe huvuta maji ambayo hayajaganda, hunenepa na kuusukuma ufa. Mwamba mkavu hauna cha kuogopa hapo.

Nitajuaje kama jiwe langu litaharibika majini?

Kausha kipande cha ukubwa wa ngumi kwa nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, kipime, kisha kizamishe kwenye maji safi. Tazama baada ya dakika 30 na tena baada ya saa 24. Likiwa tope au vipande, usilijengee msingi. Likibaki zima, lifute, lipime tena: gramu 500 zikiwa 510, limenyonya 2%. Rudia kulikausha na kulilowesha mara kadhaa, maana mawe yenye mfinyanzi mara nyingi hustahimili mara ya kwanza na kumeguka ya tatu.

Maabara hutumia vipande 10 vya gramu 40 hadi 60 ndani ya pipa la wavu wa milimita 2, linalozungushwa majini mara 200 kwa dakika 10. Uliza asilimia ya uzito iliyobaki ndani ya pipa baada ya jaribio kurudiwa mara ya pili, si baada ya la kwanza.