Byobu ndogo za samurai kama zawadi: tazama picha kabla ya dhahabu

Mkuu, umesema mjomba wako anastaafu jeshini, na dada yako aliyeko Japani amekutumia picha za byobu ndogo, vile viwambo vya kukunja vya kuweka juu ya kabati, vyenye samurai. Hujui achukue kipi. Naishi Nagoya na watu wengi wa nyumbani nimewanunulia hivi vitu, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Nyingi ya hizo ndogo ni nakala za byobu kubwa za zamani, zile za kusimama chumbani, ambazo mara nyingi huwa jozi, kila kimoja paneli sita. Watu wengi huchagua inayong'aa zaidi kwa dhahabu. Mimi nasema chagua tukio. Vita iliyochorwa pale ilipiganwa kweli, ina walioshinda na ina waliosalitiwa. Kitakaa sebuleni miaka, wageni watauliza, na mzee inabidi awe na la kuwasimulia.

Chukulia Sekigahara, Oktoba 1600, vita iliyompa jemadari Tokugawa Ieyasu utawala wa nchi. Ni picha ya kuvutia mno, lakini Ieyasu alishinda kwa sababu Kobayakawa Hideaki, aliyekuwa kambi ya adui yake, Ishida Mitsunari, aligeuka katikati ya mapigano akawashambulia wenzake. Mwanajeshi anayeagana na kikosi chake mimi nisingempa hiyo.

Ya Osaka, vita ya 1615, ndiyo inayonigusa kuliko zote. Byobu yenyewe inatunzwa kwenye makumbusho ya ngome ya Osaka na ina watu zaidi ya 5,000 waliochorwa mmoja mmoja. Upande wa kulia kuna majeshi, msitu wa bendera na mikuki, na kundi la Sanada Yukimura, mmoja wa watetezi wa ngome, limevaa dirii nyekundu. Ukihamia kushoto, mji umeanguka. Raia wanakimbilia mtoni na mizigo yao, askari wanawapora, wanawake wanakamatwa. Namheshimu sana aliyeamua kuchora na hayo, maana angeweza kuishia kwenye ushindi. Ila dada yako akikuta nakala ya upande wa kushoto peke yake, ajue anachobeba. Hiyo si ya kumpelekea mtu kwenye sherehe.

Kwa mjomba wako ningechukua Nagashino, 1575. Jemadari Oda Nobunaga na mshirika wake Ieyasu wamejipanga nyuma ya uzio wa miti na magobore yao, wapanda farasi wa Takeda Katsuyori wanawajia, na kijito kinapita katikati. Mwanajeshi ataisoma kama ramani. Amtafute Honda Tadakatsu, kamanda wa Ieyasu, anatambulika kwa pembe za kulungu kwenye kofia yake ya chuma. Wauzaji hupenda kusimulia kwamba bunduki 3,000 zilifyatuliwa kwa zamu tatu. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, kwa hiyo msimpe mzee hadithi hiyo kama ukweli.

Ingekuwa ni kijana aliyehitimu chuo, ningempa Nasu no Yoichi, mpiga upinde, kwenye vita ya Yashima, 1185. Ameingiza farasi baharini, analenga kipepeo cha kujipepea kilichotundikwa kwenye mashua ya adui. Inasimuliwa kwamba alipokipata, pande zote mbili zilimshangilia.

Sasa ubora. Mwambie dada akunje paneli mbele, kisha nyuma. Byobu iliyotengenezwa kwa njia ya asili ina bawaba za karatasi zilizopishana, hivyo inakunjika pande zote mbili bila kukwama na paneli zinabaki zimekaribiana, picha haikatiki. Za bei rahisi ni kadibodi yenye utepe wa kitambaa nyuma, hukunjika upande mmoja tu na kwenye maungio unaona ufa. Halafu asogeze macho karibu na nyuso: chapa mbaya hugeuza nyuso kuwa madoa, na hapo hata dhahabu haisaidii.

Ikifika, isimamishwe kwa zigizaga, ikinyooshwa itaanguka. Hutazamwa kutoka kulia kwenda kushoto. Jua la dirishani litaifubaza, na kama mjomba anakaa pwani, isiegemee ukuta wenye unyevu, karatasi itavimba. Safarini dada aibebe kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lake.