Hamira ya alfa imegoma kutoa spora

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nilitenga hamira kutoka kwenye rubisi, nikaiweka kwenye potasiamu asetati ya asilimia 1, na siku ya nne nikaona spora (mbegu ngumu ambazo hamira hutengeneza ikikosa chakula). Hamira ya maabara niliyopewa, aina ya alfa, imekaa humo humo wiki nzima bila kutoa hata moja. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Asetati yako haina kosa. Hata ukiiacha mwezi, alfa peke yake haitatoa kitu. Spora hutaka njaa, na hutaka seli yenye aina zote mbili, a na alfa, ambazo ni kama jinsia mbili za hamira. Wewe, kwa asetati, umeipa njaa tu.

Aina huamuliwa na kipande cha kromosomu ya 3 kiitwacho MAT. Kwenye seli ya alfa, jeni RME1 iko kazini, na kazi yake ni kuibana IME1, jeni inayoanzisha safari nzima ya spora. Alfa ikiungana na a, protini a1 (ya upande wa a) na alfa2 (ya upande wa alfa) hushikamana na kuizima RME1. Sasa sukari na naitrojeni zikiisha, IME1 inaamka.

Mbona ya rubisi iliweza, nayo ilitoka koloni moja, yaani kundi lililozaliwa na seli moja? Hamira nyingi za mwituni zina jeni HO iliyo hai. Kimeng'enya chake hukata DNA pale MAT, na seli huziba pengo kwa kunakili akiba iliyofichwa kwenye kromosomu hiyo hiyo, HML au HMR. Alfa inakuwa a. Anayegeuka ni mama, siyo binti aliyechipuka jana, kwa hiyo wachumba wanapatikana humo humo nyumbani, wanaungana, na seli yenye a na alfa inapatikana. Hamira nyingi za maabara HO yake imekufa, na sisi tunaipenda hivyo: alfa ya leo itakuwa alfa kesho.

Tafuta hamira ya aina a, ichanganye na alfa yako kwenye chakula chenye sukari, zilale pamoja usiku mmoja. Asubuhi tafuta seli zilizoungana, zenye kiuno kama karanga ya maganda. Zioshe vizuri kabla ya asetati, maana glukosi kidogo tu huharibu kazi, kisha zitikise zipate hewa. (Umeme ukikatika, tikisa kwa mkono.)

Kwenye darubini utaona mfuko wenye spora 4: mbili a, mbili alfa. Ukihesabu 3, sogeza fokasi taratibu. Mara nyingi ya nne imejificha chini ya wenzake.